Mwaka Niliomweka Salome Nyuma

Neema alinipigia simu asubuhi, nikiwa kibarazani kwangu hapa Kilosa napepeta mchele, akaniambia mama yake amefariki. Hakulia. Alisema mazishi ni keshokutwa kwao Kimamba, na kwamba familia imekaa, imeona wasifu wa marehemu niusome mimi, kwa sababu mimi ni mwalimu na nimezoea kusimama mbele za watu. Nisihangaike kuandika, wameshaandika wenyewe, kazi yangu ni kusoma tu. Nikasema sawa mwanangu, nitakuja. Nilipokata simu niliendelea kupepeta, ungo ukipanda na kushuka, mpaka nikagundua kwamba mchele ulikwisha safika zamani na ninachomwaga chini sasa ni chakula kizuri. Ni kweli nimezoea kusimama mbele za watu. Nimekuwa mwalimu mkuu katika shule mbili, na kila mahafali nilitoa hotuba ileile kuhusu uongozi, watoto wakinitazama kwa macho makavu ya watu wanaongojea soda. Niliwaambia kiongozi ni yule anayejitolea. Nililisema hilo mwaka baada ya mwaka, na kila mara nilipolisema nilimwona Salome amekaa chini kwenye saruji ya banda la Mikumi, ameinyoosha miguu yake miwili mizima, anachambua mchicha.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangojea kama kuna chuo kitakachonitaka, na kwa kuwa kungojea hakulishi mtu, nikaenda Mikumi kufanya kazi kwa Mama Rehema. Mama Rehema alikuwa na banda la chakula kando ya barabara kuu, pale malori ya kwenda Iringa na Zambia yanapopumzika. Lilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na meza nne na mabenchi yake, na ukuta uliopakwa rangi ya kijani hadi kiunoni. Cha nyuma kilikuwa stoo, na humo ndimo tulimolala mimi na Salome, kitanda kimoja cha kamba, kati ya magunia ya mchele na madumu ya mafuta. Kati ya vyumba hivyo hapakuwa na ukuta, palikuwa na mbao tu, na mbao zile zilikuwa na nyufa za kupitisha kidole. Mwaka mzima nilisikia dunia ikipita upande wa pili: madereva wakisimulia mlima Kitonga, mmoja akimsema mkewe, mwingine akiuliza kama mchuzi huu ni wa leo. Tulikula mwisho, wateja wakishaondoka. Ilikuwa ugali na maharage, na siku njema Salome alificha mifupa miwili mitatu ya supu chini ya sufuria, tukaifyonza tukiwa tumekaa juu ya magunia, tukicheka bila sababu. Alinizidi mwaka mmoja. Aliishia darasa la saba. Wakubwa zake walikata mkonge Kimamba, na yeye aliwahi kuchoma mkaa na mjomba wake, kwa hiyo porini alijua kusoma vitu ambavyo mimi na vyeti vyangu sikuviona.

Jiko la banda lilikula kuni, tena nyingi. Mara mbili kwa juma wanawake wa mabanda yote ya upande wetu, sita au saba hivi, walikwenda pamoja kuokota kuni, kwa sababu pale hakuna mtu anayekwenda porini peke yake. Wanyama hawasomi mipaka ya hifadhi. Walikuwa na utaratibu wao ambao sijaukuta kwingine. Tulikwenda kwa mstari, mmoja akitangulia na panga, naye ndiye aliyeamua njia, na wa nyuma hawakumhoji. Lakini wakati wa kurudi mstari uligeuka: aliyetangulia kwenda ndiye aliyefunga nyuma. Mama Rehema alinieleza sababu siku ya kwanza kabisa. Kwenda, hatari ipo mbele. Kurudi, una mzigo kichwani, shingo haigeuki, na hatari inakuja kutoka nyuma, na aliyechoka anaachwa nyuma. Basi aliyewapeleka ndiye awe wa mwisho, na panga abaki nalo yeye. Na kulikuwa na korongo moja kavu ambalo halikuvukwa. Ng'ambo ya korongo kuni zilikuwa tele, lakini ni kwa nyati. Aliyewavusha wenzake korongo aliondolewa kwenye mstari, na mwanamke aliyeondolewa kwenye mstari hakuwa na kuni, na asiye na kuni hakuwa na banda. Nilisikiliza yote hayo kwa adabu. Moyoni niliyaona ni mambo ya watu wasiosoma.

Kwa kawaida alitangulia Mama Rehema mwenyewe. Alipokuwa na udhuru alimpa Salome panga, na wanawake walimfuata Salome kama kifaranga anavyomfuata mama yake, hata Bi Sofia, aliyekuwa na umri wa kumzaa. Mimi walikuwa wananiita Mwalimu, kwa utani, kwa sababu ya Kiingereza changu cha kuwasomea madereva lebo za dawa. Niliupenda utani ule kuliko nilivyokubali. Wakati wa kiangazi ikaja barua ya chuo cha ualimu: nimepata nafasi, niripoti mwezi wa kwanza. Salome aliinuka na barua ile akacheza nayo kati ya meza, madereva wakapiga makofi. Siku hiyohiyo alasiri, nimejilaza stoo, nikamsikia Mama Rehema upande wa pili wa mbao akiongea na shoga yake. Shoga akasema huyu binti msomi akienda chuo utapata pengo. Mama Rehema akasema hapana. Akasema Vero anajua kusema, lakini hana watu. Salome ndiye mwenye watu; yeye hata akinyamaza anafuatwa, na banda hili nikichoka nitamwachia yeye. Hawakuwa wananisengenya. Walikuwa wanasema kitu walichokiona, kama mtu anavyosema mvua imechelewa. Nililala pale nikitazama bati, na barua ya chuo chini ya mto ikawa karatasi tu. Nilijisikia vibaya, na badala ya kulia nikapata hasira, na hasira yenyewe ilikuwa kwa Salome, ambaye hakuwa hata amenikosea.

Juma lililofuata Mama Rehema akaamka na homa. Ilikuwa siku ya kuni. Nilimwahi kitandani kwake kabla Salome hajamaliza kuchota maji, nikamwambia, mama, leo nipe mimi. Alinitazama kidogo. Nadhani alitaka kuniaga vizuri, kwa kuwa naondoka. Akanipa panga.

Tulikuwa saba. Nilitangulia, na nakiri kwamba asubuhi ile nilikuwa na raha. Nyuma yangu alikuja Salome, kisha wengine, Bi Sofia akiwa katikati. Tulipofika mahali petu pa kawaida, kuni zilikuwa chache, vijiti vya kuwashia sigara, na nikajiona nikirudi na mzigo mdogo siku yangu pekee ya kuongoza. Nikaendelea kutembea. Kwenye korongo Salome akanishika mkono. Alisema kwa sauti ya chini, ili asiniaibishe, kwamba mavi yale pale mbele ni mabichi, ya jana au leo, na ni ya dume la peke yake kwa sababu hakuna mengine. Nikamwambia mimi ndiye mwenye panga. Akasema najua, ndiyo maana nakwambia wewe. Tulibishana pale kwa kunong'ona, wenzetu wakiwa wamesimama nyuma kwenye kichaka, wakisikia sauti zetu bila maneno. Kisha nikavuka. Salome akavuka nyuma yangu. Nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini alivuka, na jibu ni rahisi: ndivyo mstari ulivyokuwa. Anayefuata kwa uaminifu hutoa neno lake, na likikataliwa, haachi mtu peke yake porini. Kufuata kwa namna ile kunataka moyo kuliko kutangulia kwangu kote.

Kuni zilikuwepo kweli, kavu, nzuri, na tulijaza haraka. Tulipofunga mizigo ikafika zamu yangu kwenda nyuma. Hapo ndipo niliposikia kitu kimoja kikivunja kijiti mahali fulani kwenye kichaka, mbali kidogo, mara moja tu. Labda wengine hawakukisikia. Nikainama, nikajishika mguu, nikamwambia Salome nimechomwa na mwiba, siwezi kulinda nyuma, funga wewe. Hapakuwa na mwiba. Alinitazama usoni, si mguuni. Kisha akanyoosha mkono, nikampa panga. Mimi nikaenda mbele kabisa, mtu mwenye mwiba, nikatembea haraka kuliko wote.

Sikumwona nyati akitoka. Nilisikia mizigo ikianguka, mmoja baada ya mwingine, na wanawake wakipita pande zote mbili, na mimi nilikwisha kutupa wangu. Nilikimbia mpaka barabarani sikugeuka. Bi Sofia alisimulia baadaye kwamba kanga yake ilinaswa akaanguka, na Salome, ambaye angeweza kumruka akapita, alisimama akakata ile kanga kwa panga, akamsukuma Bi Sofia nyuma ya mti, akabaki yeye mahali peupe. Nilisimamisha lori. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu watu walinisifu kwalo: kwamba Mwalimu ndiye aliyesimamisha lori. Dereva na wenzake waliingia wakipiga madebe, wakamkuta nyati ameshaondoka na Salome ana fahamu zake, paja limevunjika vibaya, mkono mmoja umeshika panga bado.

Jioni, Salome akiwa hospitali, Mama Rehema aliketi bandani na homa yake, amejifunga shuka, wanawake wakiwa kwenye mabenchi ya wateja. Aliuliza swali moja: nani aliwavusha. Kisha mmoja akasema yeye alisikia Salome akiongea pale mbele kwenye korongo, halafu wakavuka. Mwingine akasema wakati wa kurudi Salome ndiye aliyefunga, na panga lilikuwa kwake. Wote waligeuka wakanitazama. Mimi nilifikiria barua iliyo chini ya mto. Nilifikiria habari ikifika chuoni kwamba binti huyu aliwapeleka watu kwa nyati. Hakuna aliyekuwa amedanganya mpaka pale. Walisema walichokiona, na utaratibu wao wenyewe uliwaambia kwamba aliye nyuma ndiye aliyeongoza. Kilichobaki ni mimi kufungua mdomo. Nikasema, "Pale korongoni nilimpa Salome panga. Yeye ndiye anayekujua kule." Mama Rehema akafumba macho. Akasema sikutegemea kwa Salome. Kisha akaenda kulala.

Nilikwenda kumwona hospitali baada ya siku tatu, na uji kwenye chupa. Wodi ilikuwa na vitanda vingi na madirisha marefu, na mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa anakula chungwa, harufu yake ilijaa kote. Mguu wa Salome ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na uzito. Nilimmiminia uji, akanywa. Nilikuwa nimejitayarishia maneno njiani. Alianza yeye.

"Mama Rehema alikuja jana. Ameniuliza kama mimi ndiye niliyewavusha."

Nikamwuliza alijibu nini. Nilishangaa jinsi sauti yangu ilivyokuwa ya kawaida.

"Nimemwambia sikumbuki vizuri," akasema. Akanirudishia kikombe. "Utakumbuka wewe."

Aliondolewa kwenye mstari. Hawakumfanyia ubaya; walimletea chakula, wakamchangia nauli, Bi Sofia akawa analia kila akimwona. Lakini utaratibu ni utaratibu, na banda Mama Rehema alimwachia mpwa wake. Salome alirudi Kimamba akichechemea, akakaanga vitumbua karibu na stesheni mpaka uzeeni, akaolewa, akamzaa Neema, akazika mume. Mimi nikaenda chuo. Kutangulia si kufika, watu husema, lakini mimi nilitangulia na nilifika: nilipata cheo, nyumba ya matofali, na watu wa kuniamkia shikamoo njia nzima ya sokoni. Nilikwenda kumtembelea Kimamba mara nyingi. Nilimpelekea vitenge, nikamlipia Neema shule miaka miwili, na kila nilipotoa kitu niliona aibu, kwa sababu alipokea kwa shukrani ya kweli, kama mtu asiyenidai lolote. Hakulitaja jambo lile hata siku moja. Alikuwa ananingoja, sasa nalielewa hilo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilidumu zaidi ya miaka arobaini, na iliwezekana kwa sababu mtu mwingine aliitembea kwa niaba yangu, tena kwa mguu mbovu.

Kwenye msiba nilipewa karatasi nikiwa nimeshakaa chini ya turubai. Watu walikuwa wengi, hata wa Mikumi walikuja na basi dogo, na Bi Sofia aliletwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mdogo kama mtoto, kitambaa cheupe kichwani. Niliitwa. Nikavaa miwani, nikashika kipaza sauti, nikaanza kusoma kwa ile sauti yangu ya mahafali. Alizaliwa, akasoma, akafanya kazi Mikumi. Kisha ikaja sentensi hii, nayo niliiona mistari miwili kabla haijafika: "Akiwa kijana aliwahi kuwaongoza wenzake vibaya porini wakapatwa na hatari, jambo alilolijutia maisha yake yote, na ulemavu wake ukawa funzo kwake." Sijui nani aliiandika. Mtu wa ukoo, aliyesikia habari kwa watu, akaona inafundisha. Nilikuwa na muda. Sekunde mbili, tatu. Ningeweza kushusha karatasi. Mwili wake ulikuwa hatua tano kutoka nilipo. Nikaisoma. Niliisoma vizuri, nikatua panapopaswa, na sauti haikutetemeka hata kidogo, na watu waliguna kwa huruma, na nikaendelea na vitumbua na wajukuu.

Tulipotoka makaburini nilimfuata Neema jikoni, nyuma ya nyumba, alikokuwa anasuuza sahani za watu kwenye beseni. Nikafunga mlango wa mabati. Nilimwambia yote, korongo, mwiba, panga, wodi. Nililia, na nilihisi nafuu inakuja, nafuu nzito tamu, kama mtu aliyetapika. Alinisikiliza bila kuacha kazi yake. Siku zote alikuwa ananiita mama mdogo.

"Mwalimu," akasema, "ile uliwasomea watu wote kwa kipaza sauti. Hii unaniambia mimi peke yangu jikoni, umefunga na mlango."

Nikamwambia nilishikwa na woga. Akasema anaelewa. Akapanga sahani moja juu ya nyingine, akafuta mikono kwenye kanga.

"Jumamosi tunaanua tanga. Walewale watakuja. Ukija, utasema. Usipokuja nitasema mimi, maana mama hawezi kubaki hivyo. Lakini nitasema pia kwamba uliniachia mimi."

Nilirudi Kilosa nikiwa nimekasirika. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Usiku nilimlaumu yule mtoto kwa ukali wake, nikatafuta sababu, presha, magoti, mvua kwenye njia ya Kimamba. Ijumaa nilitafuta sababu nyingine. Jumamosi asubuhi nikapanda bodaboda.

Walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wamekula, wengine wameanza kutafuta viatu vyao. Mchungaji aliuliza kama kuna mwenye neno. Neema hakunitazama. Nikasimama. Hapakuwa na kipaza sauti siku hiyo, na nilisema kwa kifupi, kwa sababu nilipopunguza maneno ya kujitetea hayakubaki mengi. Nilisema nilichosoma siku ya mazishi hakikuwa kweli, na mimi niliposoma nilijua. Nikasema jina la Salome. Nikasema la kwangu. Nilipomaliza hakuna aliyeguna. Mtoto mmoja alikuwa anaburuta kijiko kwenye sufuria, mama yake akamnyang'anya.

Bi Sofia, kwenye kiti chake, aliweka kiganja nyuma ya sikio akamwuliza aliye karibu naye huyu mwalimu amesema nini. Yule mama alianza kumnong'oneza, akasita, akaniangalia. Bi Sofia akasema hapana, aseme mwenyewe, masikio yangu hayashiki siku hizi. Basi nikasogea, nikapita katikati ya mikeka watu wakikunja miguu kunipisha, nikapiga goti mbele yake, nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia, alingoja. Nikasema tena, kwa sauti ya juu kuliko ile ya kwanza, mpaka waliokuwa nje wakasikia:

"Bi Sofia, siku ile niliyewavusha ni mimi. Salome alinikataza."